Beji ya Royal Artillery: gurudumu linazunguka, ila huku nyuma kuna kazi ya fundi

Tazama hapa. Usiangalie uso wangu, angalia ncha ya kijiti. Nasukuma… linazunguka! Umeona? Gurudumu dogo kiasi hicho, na bado linazunguka.

Mambo vipi wadau, machalii wangu wa Arusha, na nyie wa Dar mnaotuangalia mkiwa kwenye mwendokasi, karibuni. Leo mezani ipo beji ya kofia ya Royal Artillery, kikosi cha mizinga cha Uingereza. Mzinga, taji, neno la Kilatini UBIQUE, yaani "kila mahali", kwa juu, hayo mnayajua, tulishayamaliza kwenye video nyingine. Leo swali ni moja: vipande vyote vimetoka pamoja kiwandani, au kuna kilichopachikwa baadaye?

Nimeitoa Moshi, kwa mzee mmoja anayeuza saa mbovu na sarafu za mkoloni pale Mbuyuni. Mzee ananiambia, "Kijana wangu, hii ilikuja na Waingereza mwaka 1916." Sawa, Waingereza waliingia Moshi Machi 1916, hilo kweli. Ila mzee, shikamoo yako, beji haina tarehe!

Turudi kwenye gurudumu, maana hapa ndipo utamu ulipo. Zipo beji za aina hii ambazo gurudumu limepigwa pamoja na mzinga, halitikisiki. Na zipo kama hii, gurudumu ni kipande cha peke yake, limeshikwa na kipini kinachopita mpaka nyuma. Sasa kipande kinachocheza ndicho kinachopotea, na kikipotea mtu anatengeneza kingine. Naleta kioo cha kukuzia… kamera, tulia basi… haya. Angalia nafasi kati ya njiti. Kingo zimekatwa safi, kona zina ukali. Gurudumu la kumiminwa kwenye kalibu lingekuwa na kona za mviringo na vitundu vitundu kama uso wa kitumbua.

Bado. Nalizungusha taratibu, chungulia pale chini yake, kwenye mwili wa mzinga. Unaona mduara unaong'aa? Gurudumu limesugua hapo miaka na miaka. Nje ya mduara kuna uchafu wa kahawia na ule unga mweupe wa Brasso, dawa ya kung'arishia shaba, uliokauka, ndani pasafi. Na upana wa mduara unalingana na gurudumu lenyewe. Ukileta gurudumu jipya juu ya beji kuukuu, mduara hautalingana, au hautakuwepo kabisa. Halafu linganisha uchakavu: msalaba wa juu ya taji umelika, herufi za UBIQUE zimelainika, na uso wa gurudumu nao umelainika kiasi hicho hicho. Hili ni la asili. Nasema bila kigugumizi.

Kuna jamaa wa chaneli fulani, simtaji, yeye anaweka sumaku, haishiki, anatangaza "orijino!" Ndugu yangu, shaba ya njano haishikwi na sumaku, iwe ya 1916 au ya wiki iliyopita. Sumaku inakuonyesha chuma kilichopakwa rangi, basi.

Taji nalo msilitegemee sana. Hili lenye matao ya mviringo kama kuba ni la wafalme, lilitumika kuanzia 1901 mpaka Elizabeth alipotawala 1952, yeye akaleta lile lililobonyea katikati. Zamani ungesema basi, tumemaliza. Lakini Charles alipoingia 2022 amerudisha la kuba, kwa hiyo hata beji mpya kabisa inaweza kuwa na taji hili.

Kabla sijageuza: Jumamosi tuko laivu, leteni medali za babu zenu. Na aliyeuliza kuhusu maikrofoni, ndiyo, nimebadilisha, asante.

Haya, mgongo. Umbo la mbele linaonekana limebonyea kwa nyuma, maana yake bati limegongwa kwa mashine, safi sana. Lakini kile kibati kirefu cha kuchomeka kwenye kofia… hapa nilikasirika. Risasi ya kulehemu imerundikana, inang'aa, wakati mgongo wote ni mweusi. Na angalia kushoto na kulia: visiki viwili vimepigwa tupa. Hapo palikuwa na vipete vya kupitishia pini. Vimekatika, mtu akachomelea kibati.

Mwanzoni nilitaka kuirudisha Moshi. Ila nikiitazama sasa, sioni utapeli. Aliyetaka kudanganya angeficha visiki. Huyu alitaka tu beji ikae kwenye kofia.

Bei. Mzee alianza na laki mbili, nikamwonyesha visiki, akanyamaza, tukafunga kwa elfu themanini. Vipete vingekuwa vizima ningetoa laki na nusu bila kulalamika. Na gurudumu lingekuwa la kupachika? Elfu ishirini, na ningeomba anitupie na saa mbovu moja juu.