Pampu ya bwawa la kuogelea na taima ya vimeno: uzoefu wangu wa miezi minane

Fundi aliyetufungia pampu aliacha agizo moja tu: "Masaa kumi na mbili kila siku, utanishukuru." Hakuuliza hata bwawa linabeba maji kiasi gani. Nikatii, mpaka nilipoanza kuona LUKU inavyoyeyuka.

Bwawa la nyumba yetu ya wageni hapa Bagamoyo ni dogo: mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.4, kama lita 45,000. Pampu ni ya hosipawa moja, ya spidi moja, na kwenye mita inakula karibu uniti 1.1 kwa saa. Kwa masaa 12 ni uniti 13 na ushee. Ukiweka uniti moja kwa shilingi 350 hivi, mwezi unakata kama 138,000, na hapo mgeni hajawasha kiyoyozi.

Kibati cha mota kinasema lita 15,000 kwa saa. Hiyo ni pampu isiyo na bomba refu, kona wala mchanga wa chujio mbele yake. Nilipima mwenyewe: nikageuza valvu maji yamwagike nje kwa dakika kumi, nikasoma rula niliyoisimamisha kwenye ngazi. Yalishuka sentimita 5, yaani lita 1,600, sawa na 9,600 kwa saa. Yakipita kwenye mchanga yanapungua kidogo. Basi maji yote kuzunguka mara moja ni masaa matano hivi.

Nikanunua taima ya vimeno, ile ya duara inayowasha na kuzima pampu yenyewe, kila kimeno dakika 15. Tamaa ikaniambia nitege masaa manne. Januari hiyo, joto la Pwani mnalijua. Jumapili watoto kutoka Dar walishinda majini. Jumanne maji yamekuwa kama ya kuoshea mchele, na ngazi ya chini inateleza. Pampu ilikwenda siku mbili bila kuzimwa, klorini juu yake, na nilichokuwa nimeokoa kikaishia hapo.

Sasa natega masaa saba: saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, kisha saa tisa mpaka saa kumi na mbili jioni. Maji yazunguke wakati jua linawaka na watu wanaoga. Dawa natia ile saa ya mwisho, maana ukiitia mchana jua linaila. Wikendi ikijaa naongeza mpaka masaa tisa. Masika bila wageni, matano yanatosha. Na geji ya chujio, ile ya kupima msukumo wa maji, ikipanda nusu ba (bar) juu ya kawaida, safisha mchanga kwanza ndipo uhesabu masaa.

Pampu naipa nyota nne. Taima tatu, kwa kosa moja: haina betri. Umeme ukikatika nayo inasimama, ukirudi inaendelea pale pale ilipoachia, kwa hiyo saa zake zinabaki nyuma. Baada ya mgao wa masaa tisa, mgeni wa chumba namba mbili, dirisha lake likitazama banda la pampu, alinigongea saa sita na robo usiku kuuliza mlio ule ni wa nini. Mkinunua, ulizeni yenye betri, hata kama bei imezidi. Mimi bado sijabadilisha. Kijana wa usafi ndiye anayeizungusha kwa kidole kila umeme ukirudi, huku ameshika simu aone saa.