Muuza aluminiamu kwenye matembezi ya majengo ya Mwanza

Niseme mapema ili mtu asije kuniumbua baadaye: mimi nauza madirisha ya aluminiamu. Mtaani wananiita Mama Vioo. Mwaka wa 14 huu kazi yangu ni kung'oa luva (yale madirisha ya vipande vya vioo vinavyolazwa na kuinuliwa) na fremu za chuma za enzi za Uhuru katika maghorofa ya hapa mjini Mwanza, naweka slaidi, yaani madirisha ya kusukuma pembeni, zenye vioo vya bluu, mwenye nyumba anafurahi, nami nalipa ada za watoto. Kwa hiyo mpwa wangu anayesomea ujenzi aliponiambia, "Shangazi, Jumamosi kuna matembezi ya kuenzi majengo ya zamani, twende," nilicheka mpaka fundi wangu akashusha drili. Huko si ni kumwalika fisi kwenye kikao cha mbuzi?

Nikaenda.

Kiingilio ni shilingi 15,000, humo humo mna chupa ya maji, vitumbua viwili na karatasi yenye ramani. Tuliambiwa tukutane kipilefti ya samaki saa mbili kamili asubuhi. Tuliondoka saa tatu kasoro. Tulikuwa 22: wanafunzi wengi, walimu wawili wa sekondari, Mzungu mmoja mwenye kofia pana, na mzee mstaafu wa reli aliyevaa suti kamili kana kwamba anapeleka posa. Waongozaji ni wawili, kijana na dada, wote wasanifu majengo waliotoka chuoni si zamani. Kijana akaanza kwa mbwembwe: "Mwangaluka! Leo tunaangalia usanifu mamboleo, yaani majengo ya zege ya karne iliyopita." Mzee wa reli akanyoosha mkono. "Huu mamboleo ni ndugu yake ule wa ukoloni mamboleo, au ni ukoo mwingine?" Watu wakaangua kicheko, kijana akapoteza uzi, na ilichukua muda kuupata tena.

Nusu saa ya kwanza ilikuwa hotuba, na ilitolewa juani. Hapo nawakata alama. Tulisimuliwa kuhusu chama cha Docomomo kilichoanzia Eindhoven, Uholanzi, mwaka 1988 kutetea majengo ya aina hii (jina utadhani dawa ya kikohozi), na kwamba wenzao wa Marekani wana siku yao ya matembezi kila mwaka. Tukapewa habari za Asmara, mji mkuu wa Eritrea, ulioingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2017, pamoja na kile kituo chake cha mafuta cha mwaka 1938 chenye mabawa ya zege kama ndege. Na London, ambako tangu mwaka 1992 kuna siku za mwaka ambapo watu wanafungua milango ya majengo yao, yeyote anaingia bure. Hilo la milango nililiweka akilini, nitalirudia.

Jambo pekee lililonishika kwenye hotuba yote ni la sheria. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo lisubiri mpaka litangazwe na serikali. Nikapiga hesabu pale pale. Mwanza hii Wajerumani waliianzisha mwaka 1892. Reli ilifika kutoka Tabora mwaka 1928. Kwa hiyo mji mzima, kuanzia kuta za Mjerumani mpaka maghorofa ya Uhuru, mbele ya sheria ile ni mtoto mchanga. Mwenye jengo akitaka kulivisha mabati ya rangi kutoka juu mpaka chini, ananipigia simu mimi, si mtu wa mambo ya kale.

Tukashuka kwenye mitaa ya maduka, na hapo dada akashika usukani. Laiti angeanza yeye! Hakutaja mitindo. Alitusimamisha chini ya baraza la ghorofa moja la Wahindi, la kona iliyopinda kama shavu, duka chini, familia juu, mwaka umeandikwa kwa saruji kwenye kipaji cha ukuta. Akauliza: "Mko kivulini au juani?" Kivulini. "Tangu duka lile la kona mmetembea kivulini?" Kweli. Mabaraza yale yalishikana, duka kwa duka, kwa hiyo mtu wa mwaka 1955 angeweza kwenda sokoni mvua ikinyesha bila mwamvuli. Sasa kila mwenye duka amejenga ukuta mbele ya baraza lake apate nafasi ya friji, na wateja wamesukumwa barabarani kugombana na bodaboda. Hilo nimelifanya mimi pia. Vioo vya mbele ya maduka mawili kwenye mtaa ule ni vyangu, nikavipita nikijifanya nasoma ramani.

Halafu akatupeleka kwenye ngazi za jengo moja la ghorofa nne, ngazi za nje zilizofunikwa kwa matofali ya matundu kuanzia chini mpaka juu. Mnayajua, yale yenye maua na misalaba, ambayo siku hizi tunayaona ya choo cha shule. Akatoa udi kwenye mkoba, akauwasha, akausogeza karibu na matundu. Moshi ulinywewa ndani papo hapo, ukapanda ngazi, na mwanafunzi aliyetangulia ghorofa ya tatu akapiga kelele kwamba umemfikia. Hakuna feni, hakuna kiyoyozi. Akaeleza kwa maneno machache: mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko ziwa, hewa ya nchi kavu inapanda, upepo wa ziwani unakuja kujaza nafasi yake, usiku unageuka. Aliyejenga alilijua hilo, akatoboa ukuta upepo upite na jua libaki nje. Tena jengo limelala kwa urefu, ncha zake nyembamba zikitazama mashariki na magharibi, kwa sababu huku kwetu karibu na ikweta jua la asubuhi na la jioni ndilo linalochoma kuta.

Ndipo akauliza swali ambalo nahisi mpwa wangu alimnong'oneza. "Dirisha la luva likifunguliwa, upepo unapita sehemu gani ya dirisha?" Karibu lote, watu wakajibu. "Na la slaidi ya vioo viwili?" Kimya. Mpwa akanitazama. Nikasema, "Nusu." Na ni kweli, tuache ushabiki: slaidi kioo kimoja kinakaa nyuma ya kingine, ukifungua mpaka mwisho umepata nusu dirisha. Mteja namwambia vumbi litapungua, na linapungua. Namwambia mwizi hatachomoa kioo kimoja kimoja kama kwenye luva, na hatachomoa. Mwenye luva zisizo na nondo analala jicho moja. Ila ile nusu ya upepo sijawahi kuitaja, na miezi miwili baadaye mteja yule yule ananiuliza kama namfahamu fundi wa viyoyozi. Namfahamu. Ni shemeji yangu.

Turudi kwenye milango. Kati ya majengo tisa kwenye ramani, milango tuliyofunguliwa ni mmoja. Kwingine kote tulisimama ng'ambo ya barabara tukitazama juu kama watu wanaosubiri mvua, huku mlinzi wa benki moja akituuliza tumetumwa na nani. Kama unawatoza watu 15,000, nenda wiki moja kabla ukazungumze na wenye majengo. London wanafungua bure!

Lakini huo mlango mmoja, jamani. Wala haukuwa kwenye mpango. Tulikuwa tumesimama nje ya jengo la ofisi, kijana anasoma simu yake, mzee mmoja aliyekuwa anakunywa kahawa na kashata pale nje akamsikia akisema sakafu za ndani ni za marumaru. "Si marumaru," mzee akasema bila kuinuka. "Ni terazo." Nikamwamkia, "Shikamoo mzee, umejuaje?" "Marahaba mwanangu. Niliisugua mimi." Alikuwa kibarua wa fundi Mhindi, kijana wa miaka 17 hivi. Akanyanyuka, akaongea na mlinzi, wanafahamiana miaka mingi, tukaingia.

Pale kwenye ukumbi wa chini akatusomesha kuliko hotuba yote ya asubuhi. Unapanga vipande vyembamba vya shaba sakafuni kutenga vyumba, ili zege likitanuka lipasukie kwenye mstari lisipasukie katikati. Unachanganya kokoto za marumaru na saruji, nyeupe au ya rangi, unamwaga, unashindilia kwa roli mpaka kokoto zikae karibu karibu. Unasubiri likauke. Halafu mashine na maji, jiwe la kukwaruza kwanza, la wastani, la mwisho laini, matope yanatoka kama uji, siku nzima, unarudia. "Mikono ilikuwa haina alama za vidole," akasema, akatuonyesha viganja. Alijua kila kiraka. Akatupeleka kwenye kona moja chini ya ngazi ambako kokoto ni za kijani badala ya nyekundu: ziliisha nyekundu, fundi akasema hakuna atakayechungulia pale. Watu 22 tukachungulia, mzee wa reli na suti yake akiwa magotini.

Ghorofa ya juu walishabandika vigae juu ya terazo. Mzee alisimama mlangoni tu. Anayejua kazi anajua kinachofanyika: ili gundi ya vigae ishike, sakafu inagongwa kwa patasi kila mahali, kwa hiyo hata ukija kubandua vigae kesho, iliyokuwepo chini haipo tena. Slaidi zangu angalau zinang'oka.

Eneo la biashara la Makoroboi tulipita mbio, kwa sababu Jumamosi pale kuna machinga kila hatua na haiwezekani kundi la watu kusimama kuangalia kuta. Sawa tu. Kisha hiace mpaka chini ya kilima cha Bugando, nauli juu yako, jambo ambalo halikuandikwa kwenye tangazo. Hospitali ya Bugando iliyo juu yake, iliyojengwa na Kanisa Katoliki na kufunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1971, tuliitazama kutoka barabarani. Dada alikataa kabisa kutuingiza ndani, akasema wagonjwa si maonyesho. Hapo nampongeza. Nimezalia pale watoto wawili na sijawahi kulitazama lile jengo kama jengo. Ukiwa na uchungu unahesabu ngazi tu. Kwa mbali ndiyo niliona jinsi lilivyowekwa juu ya mwamba, linaonekana kutoka kila mtaa, kana kwamba mtu alitaka kila mwenye homa ajue pa kwenda.

Kijana naye hapo akajikomboa. Alitusimulia kuhusu Beda Amuli, Mtanzania, miongoni mwa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, aliyechora soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, na paa lake la miavuli ya zege. Miaka yote nimekwenda Kariakoo kununua profaili na vioo, nimekaa chini ya miavuli ile nikila chapati, sikujua ina mwenyewe. Ilipoungua Julai 2021 nililia mizigo ya watu, si paa. Akamtaja pia Ernst May, Mjerumani aliyehamia Tanganyika mwaka 1934 kulima, baadaye akarudi kwenye ramani na kuchora jengo la ushirika wa kahawa Moshi, na hata hospitali ya wazazi ya Aga Khan huko Kisumu, ziwa hili hili. Kwa nini haya hayakusemwa asubuhi tukiwa na akili?

Mwanafunzi mmoja akauliza kama haya majengo si yamekwisha, mbona zege linabanduka na nondo zinaonekana. Dada akamjibu vizuri: nondo ikiingia maji inapata kutu, kutu inavimba, inasukuma zege nje. Unachonga lililooza, unasugua nondo, unapaka dawa, unaziba. Ni ugonjwa wenye tiba, ila mwenye jengo akiona ufa anaambiwa na mkandarasi abomoe, kwa kuwa kubomoa kuna hela zaidi.

Kwa ujumla nawapa saba kwa kumi. Moja nimeikata kwa hotuba ya juani, moja kwa milango, na moja kwa choo: saa nne za kutembea, watu wazima, na choo tulichoonyeshwa ni cha kituo cha mafuta. Vitumbua vilikuwa vya moto. Ukienda, vaa raba, beba kofia, ng'ang'ania kundi la dada. Na huyo mzee wa terazo wamtafute, wamlipe, wamwandike kwenye tangazo; nilimpa elfu tano yangu mwenyewe na akakataa mara mbili kabla ya kuipokea.

Jumatatu nimepeleka kadirio kwa mteja wa Kirumba anayetaka madirisha 11. Nimemwandikia bei mbili, ya slaidi na ya yale ya kufunguka kama mlango, ambayo yanapitisha upepo wote na ni ghali zaidi. Hajajibu.

Halafu wale vijana niliwapa noti mbili za elfu kumi, chenji hawakuwa nayo, wakasema watanirushia kwenye simu. Leo siku ya tano. Mpwa wangu anawatetea.