Arthas au Sephiroth: nani alipotea kwa kutaka mwenyewe?

Vijana wa banda la gemu Kirumba, jirani na soko la samaki la Mwaloni, wanamhusudu Sephiroth, adui mkuu wa gemu ya Final Fantasy VII (1997): upanga mrefu, nywele za fedha, basi. Chuki yake inaeleweka. Aligundua kwamba ametokana na majaribio ya maabara yaliyohusu Jenova, kiumbe kutoka anga za mbali, akauteketeza mji wa Nibelheim. Ni jeraha zaidi kuliko uamuzi.

Mimi na Arthas, mwanamfalme wa gemu ya Warcraft III (2002). Huyu alianza na nia njema. Kule kwenye mji wa Stratholme watu walikuwa wamekwisha kula nafaka yenye tauni, wangegeuka maiti zinazotembea; akaamua kuwaua mapema. Uther, mwalimu wake, alikataa; Jaina, mwandani wake, akaondoka zake. Baadaye, katika nchi ya barafu ya Northrend, akazichomesha meli zake mwenyewe ili askari wasirudi kwao, kisha akawasukumia lawama mamluki aliowakodi kwa kazi hiyo. Wasimulie wavuvi wa hapa habari ya nahodha anayechoma vyombo vya watu wake, uone watakavyokutazama! Na wakati huo upanga wenye laana wa Frostmourne, ambao wengi huusingizia kuwa ndio uliompotosha, alikuwa bado hajaushika.