Seti ya Kudarizi ya Wanaoanza: Mchoro Mzuri, Uzi Dhaifu

Mtu ambaye hajawahi kudarizi huvutwa kwanza na picha iliyo juu ya boksi, na watengenezaji wa seti za wanaoanza wanalijua hilo vyema. Seti ninayoihakiki hapa imepambwa kwa picha ya shada la maua, na ndani yake mna fremu ya duara ya mwanzi yenye upana wa sentimita 15, kipande kimoja cha kitambaa kilichochapwa mchoro, sindano tatu, nyuzi za rangi mbalimbali na kijitabu cha maelekezo. Nimeitumia hadi mchoro ukakamilika, na maoni yangu ni kwamba aliyeuchora anaijua kazi yake, ilhali aliyechagua uzi hakumfikiria kabisa mtu atakayeushika.

Uzi wa kudarizi uliozoeleka ni wa pamba, nao huundwa kwa nyuzi sita nyembamba zilizowekwa pamoja, ambazo mdarizi huzitenganisha ili achague mwenyewe unene wa mstari wake: mbili kwa kazi nyingi za kawaida, tatu au zaidi anapotaka mstari ujitokeze, na moja kwa vitu vidogo sana kama vikonyo. Uzi wa seti hii ni wa poliesta. Unang'aa mno, unatenganishika kwa taabu, na una tabia ya kujisokota na kujifunga vifundo upande wa nyuma wa kitambaa, mahali ambapo mgeni wa kazi hii hapatazami mpaka sindano ikwame. Kinachoudhi zaidi ni kwamba anayeanza hana namna ya kujua kuwa ila ni ya uzi, hivyo ataona mikono yake ndiyo mizito na huenda akaiacha kazi yenyewe. Nilidarizi jani moja kwa uzi huo na jani la pembeni yake kwa uzi wa pamba wa DMC, kampuni ya Ufaransa ambayo uzi wake huuzwa katika vishada vya mita 8, na jani la pili likakaa bapa na kingo zake zikatoka safi, ingawa mkono na sindano vilikuwa vilevile.

Kijitabu kingeweza kuipunguza shida hiyo kwa maneno machache tu, lakini hakigusi kabisa suala la urefu wa uzi. Sentimita 45 hivi, yaani karibu dhiraa moja, tangu kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, zinatosha. Uzi mrefu kuliko huo hupita kwenye kitambaa mara nyingi mno kabla haujaisha, ukachakaa na kutoa manyoya. Vilevile hakisemi kwamba nyuzi huchomolewa mmoja mmoja kutoka kwenye zile sita, kisha zile zinazohitajika huunganishwa upya, kwa sababu ukivuta mbili kwa pamoja zinazobaki hujikusanya na kufungamana. Na uzi unapoanza kujisokota katikati ya kazi, dawa yake ni kuiachia sindano ining'inie hewani hadi uzi ujizungushe na kutulia.

Mpangilio wa mafunzo nao una kasoro. Kijitabu kinamtaka msomaji aanze na petali za ua la katikati, ambazo hujazwa kwa mishono iliyolala sambamba na kubanana mpaka kitambaa kisionekane. Huo ni mshono unaodanganya, kwani maelezo yake ni mepesi kuliko yote na utekelezaji wake ni mgumu kuliko karibu yote: mvuto ukizidi kidogo kitambaa kinajikunja, ukipungua mishono inalegea, na mshono unaozidi sentimita moja hivi hunasa kila kinachopita. Ningemshauri mwenye seti hii aanze na mashina, kwa mshono wa kurudi nyuma, ambao sindano hutokezea mbele hatua moja kisha hurudi kuzama pale mshono uliotangulia ulipoishia. Mshono huo humfundisha mtu kulinganisha hatua zake, na makosa yake hufumuliwa bila kuharibu kitambaa. Baada ya hapo mshono wa mnyororo hauogopeshi, na petali zinaweza kungoja mwisho.

Ukurasa bora wa kijitabu ni ule wa vifundo vidogo vya kitovu cha ua. Vielelezo vingi huonyesha sindano peke yake, lakini hapa mchoraji ameonyesha mikono yote miwili: mmoja unazungusha uzi mara mbili kwenye sindano na kuendelea kuukaza, huku mwingine ukizamisha sindano kando kidogo ya tundu ilikotokea, si ndani ya tundu lilelile, maana hapo kifundo hupenya na kutoweka.

Fremu ni imara na skrubu yake hailegei ovyo, ingawa duara la ndani lingefaa kuzungushiwa utepe wa pamba ili kitambaa kisiteleze. Kitambaa kikazwe kama ngozi ya ngoma wakati wa kushona, kisha kitolewe kwenye fremu kazi inaposimama, la sivyo alama ya duara huganda. Sindano hazikuandikwa namba, nalo ni kosa la kizembe, kwa kuwa namba ikipanda sindano huwa nyembamba zaidi, na mnunuzi atakayepoteza ya kwake hatajua aombe ipi dukani. Kwa nyuzi mbili au tatu, namba 7 au 8 inafaa. Moja ya zile tatu ni butu, ya kudarizi vitambaa vyenye matundu ya kuhesabiwa, na haina kazi yoyote hapa.

Kitambaa chenyewe ni pamba iliyofumwa kwa kubana, na sina lawama nacho isipokuwa uchache wake, kwani hakuna kipande cha kujaribia. Kipande cha shuka kuukuu la pamba kitaziba pengo hilo. Kwa hiyo ninaipendekeza seti hii kwa mtu aliye tayari kuweka kando nyuzi zake na kununua za pamba. Asiye tayari kwa gharama hiyo ya ziada anunue kitambaa, fremu na uzi kimoja kimoja, achore mwenyewe ua dogo kwa penseli.

Atakayeinunua azingatie pia kwamba mchoro umechapwa kwa wino unaoyeyuka majini, na kijitabu kinaagiza kazi ipigwe pasi ikishakamilika bila kutaja kwamba ni lazima ifuliwe kwanza. Wino wa aina hiyo ukipata joto kabla ya maji unaweza kuganda usitoke tena. Iloweshwe katika maji baridi hadi mistari yote ipotee, ianikwe, kisha ipigwe pasi kwa upande wa nyuma juu ya taulo nene ili vifundo visilale.