Kupunguza sigara au kuacha kabisa: kipi kinamfaa mkimbiaji?

Anayeshuka kutoka sigara 20 hadi 5 kwa siku hudhani amebakiza robo ya madhara. Sivyo. Zikiwa chache huzivuta kwa nguvu na kuzimaliza hadi kwenye kichungi, hivyo kila moja humpa moshi mwingi kuliko zamani. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyo kwenye moshi huo, hung'ang'ania himoglobini (sehemu ya damu inayobeba oksijeni) mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, na nusu yake huchukua saa 4 hadi 6 kutoka mwilini. Sigara ya asubuhi, basi, bado imo kwenye damu wakati wa mazoezi ya mchana: misuli inakosa oksijeni, moyo unaenda mbio mapema, pumzi zinakata kwenye kilima.

Anayeacha kabisa huimaliza gesi hiyo ndani ya siku 2 hivi. Taabu yake iko kwingine. Hamu huwa kali siku 3 za mwanzo, na kikohozi chaweza kuongezeka kwa wiki kadhaa mapafu yakijisafisha (wengi hurudia sigara hapo, wakidhani wameugua). Siku hizo akimbie taratibu, dakika 20 zinatosha; hamu ikimshika, atembee haraka dakika 10. Kupunguza kunafaa kama ngazi tu, tarehe ya kuacha ikiwa imeshapangwa.