Kompresa ya kufunga kwenye Land Cruiser: lita ngapi kwa dakika?

Habari zenu ndugu watazamaji, na salamu za pekee kwa madereva wenzangu wa safari mlioko njiani. Leo boneti iko wazi tangu mwanzo, maana maswali ya kompresa, mashine ya kujazia matairi upepo, yamekuwa mengi na nataka niyajibu gari likiwa hapa hapa mbele yenu. Hili ni Land Cruiser la injini ya 1HZ, matairi 7.50R16 yenye tyubu, kama mengi mnayoyaona Arusha.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili linaniuma. Njia ya Mto wa Mbu kwenda Engaruka hadi Ziwa Natron mnaijua. Kuna makorongo ya mchanga, kuna mawe ya volkano yenye makali, kuna vumbi laini kama unga wa ngano. Ukiingia mchangani unatakiwa ushushe upepo, tairi litanuke, likanyage eneo kubwa, gari lipite juu ya mchanga lisiuchimbe. Madereva wengi tunalijua hilo na bado hatushushi, kwa sababu hatuna cha kurudishia. Tunaingia korongoni na psi 42 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo), gari linazama hadi kwenye ekseli, wageni wanashuka juani, sisi tunashika sepetu. Baadaye tunasema barabara mbaya.

Mimi nilianza na kale kadude ka kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Kwenye boksi waliandika psi 150 kwa maandishi makubwa mekundu, nikaamini. Tairi la kwanza lilichukua muda mrefu sana. La pili, mpira wake ukaanza kulainika pale unapoingia kwenye kichwa, yaani sehemu ya kompresa inayosukuma hewa, ukachomoka. Nikaungaunga, nikawasha tena, fyuzi ikaungua. Nilikuwa na familia ya watu watano ndani ya gari na jua linazama. Nilitembea na matairi mawili laini hadi lami, na tyubu moja ikafia njiani.

Sasa tufanye hesabu kidogo, msiondoke. Tairi kama hili lina nafasi ya ndani kama lita 50. Kulitoa psi 22 hadi 42 ni psi 20, ambazo ni sawa na mgandamizo wa hewa ya kawaida mara moja na theluthi hivi. Kwa hiyo unatakiwa kuingiza karibu lita 70 za hewa ya nje. Matairi manne, lita 280. Hizo ndizo unazonunua. Ile psi 150 kwenye boksi inakwambia tu kwamba mashine haitagoma kabla ya kufika huko, na hakuna tairi la Land Cruiser linalohitaji 150.

Kwa hiyo muulize muuzaji: lita ngapi kwa dakika, na ikiwa inasukuma dhidi ya psi ngapi? Maana kila kompresa hupungua nguvu mzigo ukiongezeka. Hizi za ARB ya Australia zimeandikwa vizuri kwenye karatasi zake. Yenye kichwa kimoja, CKMA12, inatoa kama lita 62 kwa dakika ikiwa haisukumi kitu. Yenye vichwa viwili, ile wanayoiita Twin, yaani pacha, CKMTA12, inatoa kama 174, na dhidi ya psi 29 bado ina lita 130 hivi. Rudi kwenye zile lita 280 zetu: pacha inazimaliza kwa dakika mbili na kidogo za kusukuma. Ongeza muda wa kuhama tairi hadi tairi na kupima kwa geji, bado hujamaliza chupa ya soda.

Kingine cha kusoma ni muda wa kupumzika. Wanaandika asilimia ya muda ambao mashine inaruhusiwa kufanya kazi. Viair 400P, ambayo ni ya kubeba na ina vibanio vya kushika betri, imeandikwa asilimia 33 kwa psi 100. Maana yake ifanye kazi dakika 15, ipumzike nusu saa. Kwa gari moja inatosha kabisa, na naipenda kwa dereva anayebadilishiwa magari na kampuni, kwa sababu anaibeba kwenye mfuko wake. Lakini mkiwa msafara wa magari matatu, la tatu litasubiri.

Tangi la kuhifadhi hewa. Hapa ndipo watu wanapotupa pesa. Wengi mmeniandikia kwamba mtanunua kompresa ndogo halafu mfunge tangi kubwa lisaidie. Tangi la lita 4 likiwa limejaa psi 150, ukilifungulia tairi la psi 42, linakupa kama lita 30 za hewa. Hata nusu ya tairi moja hujafika. Likishaisha umerudi kwenye kompresa yako ile ile ndogo. Tangi lina kazi yake: kuendesha bunduki ya kufungulia nati, kupuliza vumbi kwenye filta ya hewa, kurusha tairi lisilo na tyubu likae kwenye rimu. Kama kazi yako ni kujaza tu, pesa ya tangi iongeze upate kompresa yenye lita nyingi.

Wapo wanaogeuza kompresa ya AC iendeshwe na mkanda wa injini. Hewa yake ni nyingi mno. Zile za zamani za York zina oili yake ndani. Aina ya Sanden hutegemea oili inayozunguka na gesi ya AC, ukiipa hewa tupu bila mpango wa kuilainisha inajiua. Kama fundi wako hajawahi kuifanya, usiwe gari lake la majaribio.

Mimi nimefunga pacha, bila tangi. Bei yake inakaribia mara mbili ya ile ya kichwa kimoja, lakini gari hili linafanya kazi karibu kila siku ya msimu. Kama wewe unatoka mara moja kwa mwezi na familia, kichwa kimoja kinakutosha.

Sogea hapa uone ilivyokaa. Iko juu, upande wa mbali na bomba la moshi. Filta yake ya kunyonya hewa nimeivuta kwa mpira hadi juu huku, kwa sababu chini kule inakula vumbi la Natron. Waya huu mnene unatoka betri moja kwa moja, maana pacha inaweza kuvuta zaidi ya ampea 50. Na fyuzi ziko hapa, karibu na betri, si karibu na kompresa. Waya ukichubuka katikati na fyuzi iko mwisho, hakuna kinachokata umeme, na gari linawaka moto. Swichi ya ndani inaamrisha rilei tu, ile swichi ya umeme inayobeba mzigo mkubwa. Kipande cha kwanza cha mpira ni hiki cha nyavu za chuma, kwa sababu kichwa kinatoa hewa ya moto, na mimi somo hilo nimeshalipia.

Kwenye nyuzi za viungio, pale vinapokazwa kwa kuzungushwa, msitumie ile tepu nyeupe ya mabomba kama mna difu loki za upepo, yaani zile zinazotumia hewa ya kompresa kufunga difu ili magurudumu yazunguke pamoja. Vipande vyake hukatika, vinaingia kwenye valvu ya umeme na kuiziba. Tumieni gundi ya maji ya kuzibia nyuzi. Ukimaliza, paka povu la sabuni kila kiungio uangalie mapovu.

Na kabla ya kulipa, hakikisha umeme wa gari lako. Baadhi ya Land Cruiser za zamani za dizeli ni volti 24, na kompresa zake zinauzwa peke yake.

Haya, njooni huku nyuma. Tairi hili nimelishusha hadi 22. Chini ya hapo kwa tairi la tyubu siendi, linateleza kwenye rimu na kung'oa valvu. Injini inanguruma, nawasha. Geji... 30... 36... 42. Sekunde 50 kwenye simu, pamoja na kusimama kupima. Narudisha kifuniko cha valvu, twende la pili.