Oili shini ya makadamia na nyonyo: mafuta ni mazuri, chupa ndio shida

Mimi ni msusi hapa Kenyatta Market, Nairobi, na oili shini, yaani mafuta ya kupulizia nywele zing'ae, ni kitu ya kila siku, nikimaliza matuta lazima nipige spreyi kidogo ndio laini zitokee. Zile za kopo la gesi zinang'arisha sawa lakini harufu inajaa kibanda chote na mteja mwenye pumu anaumia. Kwa hivyo nilipoletewa hii ya mama mmoja anayeitengeneza kwake Thika, ya mafuta ya mimea tupu, niliitumia kwa wateja wangu kabla sijasema chochote.

Ndani kuna mafuta ya makadamia, ya nyonyo (castor) na vitamini E, basi. Makadamia ndio inafanya kazi kubwa, mafuta mepesi, yanaenea haraka na hayaachi kichwa kikiwa kimelowa. Na Murang'a, Embu, Kirinyaga huko kote tunalima makadamia nyingi na kokwa zinaenda ng'ambo, kwa hivyo kuona mafuta yake kwa chupa ya hapa hapa kulinifurahisha sana. Nyonyo ni nzito, inanata, ndio inashikilia mng'ao ukae, lakini ikizidi tu kidogo nywele inaokota vumbi yote ya stendi. Mama anasema za kwanza alizotoa zilinata kama gundi akawa anapunguza nyonyo pole pole, na kweli hii ya sasa ameipima vizuri.

Sasa wale wa nachoro, nywele asili isiyo na dawa, msikie, nywele ya kipilipili imejikunja kwa hivyo mwanga unatawanyika kila upande, hata ikiwa na afya haiwezi kung'aa kama iliyonyooka. Kwa afro utaona kidogo tu, lakini kwa matuta, twisti na blowdrai aki inatoka safi. Bredi za nywele bandia zipige kidogo sana, ile ni plastiki, hainyonyi kitu, mafuta yanakaa juu yakingoja vumbi. Na hii haileti unyevu, nywele ikiwa kavu anza na maji na losheni yako, hii ni ya mwisho kabisa.

Shida iko kwa chupa. Ni ile nyeupe ya kuona ndani na mafuta ya mimea yakipigwa na jua yanachacha, vitamini E inachelewesha tu, haizuii. Halafu pampu inadondosha, mteja mmoja alipata doa kwa kola ya blausi na ilibidi nimwombe msamaha. Lebo nayo haina tarehe wala onyo la mzio, na kuna watu makadamia inawaletea mzio mbaya, hiyo isingoje.

Bei imezidi ya kopo kidogo lakini matone machache yanamaliza kichwa, kwa hivyo silalamiki. Mama, ukisoma hii, weka chupa ya kahawia, pampu nzuri na tarehe, mimi nachukua katoni nzima.